Chokaa ya Pwani Ilikuwa Hai

Nilimwaga ndoo nzima ya maji juu ya chokaa, kwa mpigo mmoja, huku nikiimba. Hilo ndilo kosa langu, na naliweka hapa mwanzoni ili msije mkasema Idi alilificha katikati ya maneno. Nililifanya uani mwa msikiti mkongwe kule Mombasa, baada ya kukatazwa, na nililifanya kwa sababu nilitaka watu wacheke.

Nyinyi wa darasa la tatu na la nne mnaonifuata wakati wa mapumziko mkidai hadithi za kazi, haya, kaeni. Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na sita, bado nakalia dawati, bado mwalimu wa hesabu ananichapa kila Jumatatu bila kuuliza nimefanya nini, na mara nyingi hakosei. Lakini kazi ya chokaa nimestaafu. Nimeifanya miaka sita, tangu nilipoweza kuinua ndoo bila kuanguka nayo. Nasikia kuna wafanyakazi wa reli wanaostaafu wakapewa saa ya mfukoni. Mimi sikupewa kitu, na angenipa mtu ningemrudishia.

Baba yangu ni Fundi Athumani. Ukiegemea ukuta wa duka hapa Kisii ukaondoka na mgongo mweupe kama punda aliyegaagaa majivuni, jua kwamba ukuta huo hakuupaka yeye. Ukuta wa baba hauchafui mtu. Siri yake nawaambia bure, maana mimi sina mashindano tena: chumvi kidogo, na mafuta ya ng'ombe yaliyochemshwa pamoja na maji, yakorogwe ndani ya chokaa yangali moto. Na kabla ya kupaka, ukuta unyweshwe maji kwanza. Ukuta mkavu una kiu. Ukiupaka hivyo hivyo unanyonya maji yote, chokaa inabaki unga, na unga unangoja mgongo wako.

Jambo la pili. Chokaa ikiwa mbichi haionekani. Unapaka, unaona kama umepitisha maji tu, unaanza kumlaumu fundi. Subiri ikauke, ndipo weupe unatoka. Mimi nililigundua hilo nikiwa na miaka kumi na mbili na nikalitumia vibaya papo hapo. Tulikuwa Kiogoro, tunapaka shule ya misheni iliyokuwa pia kanisa siku ya Jumapili. Mwalimu wao wa dini alikuwa na masikio makubwa sana, Mungu anisamehe, masikio ya kutosha watu wawili. Tulipomaliza, nikabaki na burashi nyuma ya wengine, nikachora kichwa kwenye udongo wa ukuta wa nje ambao haukuwa wa kupakwa. Hakuna aliyeona kitu. Jumapili waumini wanafika, wanamkuta mwalimu wao ukutani, mweupe pepepe, masikio kama majani ya mgomba.

Baba hakunichapa. Alinipeleka Kiogoro kwa miguu, akaniambia niupake ukuta ule wote wa nje, bila malipo, yeye ameketi kwenye jiwe anakula ndizi.

"Baba, nimekosa," nikasema.

"Najua. Paka."

"Kule juu sifiki."

"Ulipochora ulifika."

Huyo ndiye baba. Hasemi maneno mengi. Kwa watu wa mjini alikuwa Fundi. Kwa wajomba zangu wa Manga, ambao ni Wasabato na hawafanyi kazi Jumamosi hata nyumba ikiungua, alikuwa "Shemeji Mweupe," kwa sababu kope zake daima zilikuwa na chokaa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo pana ujinga wenyewe, na ni ujinga wa huku kwetu. Chokaa yetu ya Kisii ilikuwa inakuja kutoka mbali. Inapanda meli ya ziwani, inashushwa, inapakiwa lori, lori linakwama kwenye matope, mvua yetu ya kila alasiri inanyesha juu ya magunia, kisha magunia yanalala miezi ndani ya ghala la dukani. Ikifika mikononi mwetu imeshakunywa maji yote iliyotaka kunywa. Imekufa. Baba alikuwa anaiita hivyo, "maiti." Unaimwaga ndani ya pipa, unaimwagia ndoo ya maji juu, haifurukuti. Unga wa ugali una ghadhabu zaidi.

Kazi ya kuimwagia maji ilikuwa yangu. Miaka sita. Niliifanyia mchezo wake: naruka juu ya tofali, nainua ndoo, naimba "Amka, marehemu, amka!" halafu pwaa! na watu wa sokoni wanacheka. Baba mwenyewe alikuwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo. Marehemu hakuwahi kuamka hata siku moja.

Kilichotupeleka Mombasa ni ukuta. Msikiti wetu hapa mjini mnaujua, ule wa mabati. Upande wa kibla, pale panapostahili kuwa na mihrabu ambamo imamu anasimama, pana ukuta wa mawe usiopigwa plasta, umeachwa hivyo hivyo tangu sijazaliwa. Baba ndiye aliyeuacha. Babu yake mzaa baba alikuwa fundi wa Mombasa, na yeye ndiye aliyechonga mihrabu ya msikiti ule mkongwe: maua na mikufu ndani ya chokaa, kwa mkono. Mwanawe akaja bara na msafara wa serikali, akaoa, akabaki. Baba hajawahi kuiona mihrabu ile. Aliijua kwa majivu tu. Babu yangu, huyo aliyekuja bara, alikuwa akimchorea kwa kidole kwenye majivu ya jiko, anasema hapa kuna ua la petali nane, hapa mkufu unapinda, halafu anasahau, anafuta, anaanza upya.

Baba aliwaahidi wazee wa msikiti wetu kwamba ataichonga ile ile hapa Kisii. Lakini hachongi kwa majivu. Mpaka aione. Miaka ikapita, ukuta ukabaki mawe. Mjomba wangu mkubwa kutoka Manga kila akituletea ndizi alikuwa anapita pale makusudi.

"Shemeji Mweupe," anasema, "msikiti wenu una bati upande mmoja na ahadi upande mwingine."

"Ahadi haivuji," baba anamjibu.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa nguo alirudi kutoka pwani akasema wazee wa msikiti ule wanatafuta watu wa kujitolea kuupaka kabla ya Ramadhani. Baba hakulala vizuri wiki nzima. Tukapanda lori mpaka Kisumu, tukapanda gari moshi daraja la tatu, na kila stesheni baba anauliza kama ndiyo Mombasa, mpaka mwanamke mmoja mwenye kuku akamwambia, "Mzee, bahari haihami, tulia."

Msikiti ule, msifikiri ni jumba. Mimi niliudharau nilipouona. Mdogo, mfupi, kuta nene kama ngome, mnara wake butu umesimama kama kinu kilichopinduliwa. Kuingia ni lazima uchovye miguu kwenye birika, halafu uikanyagishe juu ya mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu wa miaka mingi kuliko hesabu yangu. Miguu yangu ilikuwa na udongo wetu mwekundu wa Kisii, ule usiotoka. Nikachovya, maji yakawa mekundu. Nikachovya tena, mekundu. Vijana wa pale wakacheka kufa.

"Huyu kaja na shamba lake!" mmoja akasema.

"Nimewaletea mbolea," nikamjibu. "Naona kwenu hapaoti kitu."

Mzee Shee, msimamizi wa msikiti, ndevu nyeupe na sauti ya upole, alitupokea kama ndugu. Alimkumbatia baba akamwita mjukuu wa nyumba. Lakini mihrabu hatukuiona siku ile. Walikuwa wanabadilisha boriti za paa, vumbi na vipande vilikuwa vinaanguka, kwa hiyo upande ule wa kibla ulizibwa kwa turubai kutoka juu mpaka chini, na watu wakawa wanaswalia ukumbi wa nje.

"Ijumaa asubuhi tunaliondoa," Mzee Shee akasema. "Siku mbili tu, Fundi."

"Baba, tuchungulie kidogo?" nikanong'ona. "Pembeni pale pana mwanya."

"Msikiti hauchunguliwi kama sufuria ya jirani," baba akasema. "Nimengoja miaka hamsini. Siku mbili ni za kunawa uso."

Usiku ule, kwenye chumba tulichopewa, alinionyesha msumari wa mfupa aliouchonga mwenyewe kutoka mguu wa ng'ombe, mwembamba, wenye ncha butu. Alisema chokaa kuukuu haikwanguliwi kwa chuma, chuma kinakula ua. Mfupa unajua pa kusimama. Alikuwa na furaha ambayo mimi sikuwahi kuiona kwake, na nikamwambia amekuwa kama bwana harusi. Akanirushia kiatu.

Alhamisi asubuhi mkokoteni ulileta chokaa. Haikuwa unga. Ilikuwa mabonge, kama mawe mepesi, makavu kabisa, yametoka tanuuni jana yake tu, ambako wanachoma matumbawe ya baharini. Mwenye mkokoteni aliyashika kwa gunia, hakuyashika kwa mkono mtupu. Hiyo peke yake ingetosha kunifunza kitu kama ningekuwa mtu wa kufunzika.

Baba aliokota bonge, akaligeuza kwenye jua.

"Hii sijaizoea," akasema. "Idi, usiiguse mpaka nirudi. Namfuata Mzee Shee anitafutie mtu wa hapa anionyeshe wanavyoizima kwa maji."

Akaenda. Wale vijana wa jana wakakaa ukutani wananitazama.

"We mtu wa bara," mmoja akasema, "unaogopa mawe?"

"Kwetu chokaa ni unga wa mtoto," nikasema.

"Mbona umeambiwa usiguse?"

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Msijibu. Najua mngefanya nini, ndiyo maana nawaambia. Niliyajaza mabonge ndani ya nusu pipa. Nikapanda juu ya ngazi ya kisima. Nikainua ndoo. "Amka, marehemu, amka!" Pwaa.

Kwanza hakikutokea kitu. Hilo ndilo nataka mlishike kuliko yote: kwanza hakitokei kitu. Maji yalizama katikati ya mabonge kama mchanga unavyoyanywa. Vijana wakanyoosha shingo. Nikashuka, nikainama juu ya pipa, nikaligonga kwa ndoo.

"Mnaona? Amelala."

Ndani ya pipa kulianza kusikika mlio, kama mafuta kwenye kikaango. Joto likanipiga kidevuni. Nikasikia miguu ya baba inakimbia kwenye sakafu ya mawe, na yeye ni mtu ambaye hajawahi kukimbia hata akinyeshewa. Alinishika ukosi wa shati akanivuta nyuma kwa nguvu moja, na kwa kunivuta vile yeye akaja mbele, mahali nilipokuwa mimi. Pipa likalipuka mvuke na uji mweupe wa moto. Mimi nilipata kidoadoa kimoja hapa mkononi, mnakiona. Yeye ulimpata usoni, macho yakiwa wazi, kwa sababu alikuwa ananitafuta mimi.

Sina mzaha wa hapa. Nimeutafuta mwaka mzima.

Wale vijana ndio walionishinda akili. Walimbeba mpaka birikani, wakammwagia maji kwa kata, maji na maji, mmoja anamfungua kope kwa vidole, mwingine anapiga kelele aletewe mafuta ya nazi ya kupaka ngozi. Yule aliyenichokoza alikuwa analia. Mimi nilisimama na ndoo yangu.

Hospitalini walimfunga kitambaa. Daktari alisema jicho la kushoto limekwisha. La kulia, akipona, litaona mwanga na kiza, kama mtu anayetazama kupitia karatasi. Baba aliuliza swali moja: "Mtoto amepata nini?" Wakamwambia si kitu. Akasema alhamdulillahi, akageuka upande wa ukuta.

Ijumaa asubuhi aliomba apelekwe msikitini. Walimkataza, akavaa kanzu yake bila msaada wa mtu, akaifunga vifungo kombo. Nilimshika mkono. Turubai lilikuwa limeshuka. Mzee Shee alisimama pembeni, akatuachia nafasi.

Nikaitazama mihrabu ya babu yake baba.

Hapakuwa na ua. Palikuwa na vimbevimbe, kama uso wa mtu aliyevimba kwa jino. Palipokuwa na mkufu pana mgongo mnene mweupe. Palipokuwa na petali pana tundu za duara zilizozibwa nusu. Kila mwaka watu wema walikuja kabla ya Ramadhani wakaupaka msikiti, mkono juu ya mkono, wala hakuna aliyekwangua. Watu kama sisi. Waliipaka mpaka ikazama.

"Haya," baba akasema. "Nisomee."

Nimedanganya walimu, makarani, makondakta wa gari moshi. Uongo kwangu ni kama maji ya kunywa. Nikasema, "Baba, iko wazi kabisa. Kuna ua la petali nane, na kila petali ina mshipa katikati. Mkufu unapanda upande wa kulia, unapinda juu, unashuka. Kali kama imechongwa jana."

Alitabasamu. Halafu akanyoosha mkono akaigusa.

Vidole vyake vilikwenda polepole, vikapanda, vikatafuta, vikarudi. Nilikuwa naviona vinaanza pale pale ambapo babu alikuwa anaanzia kwenye majivu, vinapinda pale mkufu unapopinda, na havikuti kitu. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu akatumia ukucha.

"Petali nane," akasema.

Akageuza uso upande wa mzee.

"Mzee Shee, mmepaka mara ngapi?"

"Kila mwaka, Fundi. Tulidhani ndio usafi." Mzee akasogea karibu. "Inaweza kutolewa?"

"Inaweza. Miezi mitatu, minne. Kwa msumari wa mfupa, tabaka moja moja, unasimama pale rangi ya chokaa inapobadilika kidogo sana. Inaonekana kwa jicho tu." Akashusha mkono. "Kwa kidole haionekani."

"Nifundishe," nikasema. "Nitakwangua mimi. Nitakaa hapa mwaka mzima."

"Usiguse," baba akasema.

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kuibeba. Alilisema kama fundi anavyomwambia mtu yeyote anayesimama karibu na kazi bila kuijua. Miaka sita nilikuwa nimebeba ndoo, nimeimba, nimechora masikio ya watu, na sikuwahi kumtazama hata mara moja anavyotofautisha weupe na weupe. Alikuwa ananionyesha. Nilikuwa nacheka.

Tulibaki mwezi mzima hospitalini na kwa Mzee Shee, halafu tukarudi. Kazi nawaambia upya, muishike, maana hakuna mwingine atakayewaambia huku kwetu. Chokaa ikija siku hizi kwa lori la haraka, imefungwa vizuri, msidhani ni ile ya zamani. Chukueni kipande kidogo kama punje ya hindi, kitieni kwenye bakuli la maji, rudini nyuma, mngoje muda wa kuhesabu mia mbili. Kikitulia, ni maiti. Kikichemka, maji yatangulie chomboni, chokaa ifuate, kidogo kidogo, kwa koleo refu, uso kando, upepo mgongoni. Na asiwepo mtu wa kuwachekesha.

Ukuta wa msikiti wetu umebaki mawe. Wazee walimwambia baba watatafuta fundi mwingine, akasema watafute. Hawajapata. Anakaa barazani asubuhi, jicho la kulia limeelekea jua, na watu wanamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Na yeye anaitika, kwa sababu hakuna jina jingine walilompa.

Siku tuliyorudi mvua ilikuwa imeanza. Lori lilitushusha karibu na soko, mimi nikiwa na mzigo kichwani na mkono wa baba mkononi, nikimwambia hapa pana shimo, hapa pana tope. Barua hatukuwa tumetuma, baba alikataa. Mama alikuwa kwenye ndizi zake. Alituona kwa mbali, akasimama, akaanza kuja haraka, kisha akapunguza mwendo, kisha akasimama tena mbele yetu akitazama kile kitambaa.

"Ni nini?" akamwuliza baba.

"Chokaa ya pwani," baba akasema. "Iliniruka. Kazi ni kazi."

Angeishia hapo, na mimi ningeishia hapo, ningebaki mtoto wake kama nilivyoondoka. Lakini nilisikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Ni mimi, mama. Nilikatazwa, nikamwaga maji. Alikuwa ananivuta mimi."

Mama hakupiga yowe. Aliifuta mvua usoni kwa upindo wa leso. Mjue kwamba mama yangu ni mzaliwa wa Manga, na tangu aninyonyeshe hajawahi kunisemesha kwa lugha nyingine isipokuwa Ekegusii. Kiswahili chake ni cha askari, cha wateja, na cha watu wasio wa nyumba yake. Sasa akanena nami kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno:

"Wewe, muachie mkono. Huyu nitampeleka mimi."